Uzi: Makasha ya akriliki hupotezaje uangavu, na ni ukungu upi unaoweza kuondolewa?

Shubaka (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Swali hili huletwa humu mara kwa mara kwa sura tofauti: kasha la kuonyeshea vitu, la akriliki (plastiki angavu kama kioo), lililokuwa angavu siku ya kwanza sasa limefifia, na mwenye kasha anataka kujua kama limezeeka, kama limeunguzwa na jua, au kama linahitaji kusuguliwa tu. Majibu humiminika kwa haraka, mara nyingi kutoka kwa watu ambao hawajaambiwa hata ukungu wenyewe uko upande gani wa bamba. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: akriliki halisi huzeeka polepole mno, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee ni kazi ya vitambaa vyetu, dawa zetu za kusafishia, na mikazo iliyobaki ndani ya bamba tangu siku lilipokatwa.

Nianze na nyenzo yenyewe. Akriliki ni polima, yaani plastiki ya molekuli ndefu, iitwayo polimethili methakrilati, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1930 kwa majina ya biashara ambayo bado tunayasikia: Plexiglas kutoka Ujerumani, Perspex kutoka Uingereza na Lucite kutoka Marekani. Bamba safi hupitisha takriban asilimia 92 ya nuru inayoonekana, na ile asilimia 8 inayopotea karibu yote haimezwi na plastiki, bali hurudishwa na nyuso zake mbili, takriban asilimia 4 kwa kila uso. Maana yake ni kwamba ndani ya bamba hakuna kitu cha maana kinachoizuia nuru, na kwamba uangavu hupatikana au kupotea usoni. Anayetaka ushahidi na autazame ukuta wa tangi kubwa la samaki la Churaumi, kisiwani Okinawa, Japani, lililofunguliwa mwaka 2002: ni akriliki yenye upana wa mita 22.5, kimo cha mita 8.2 na unene wa sentimita 60, na bado watu husimama mbele yake wakahesabu madoa ya papa potwe. Kioo cha kawaida chenye unene huo kingekuwa kijani kizito kwa sababu ya chuma kilichomo ndani yake.

Jua nalo husingiziwa kuliko inavyostahili. Mionzi ya urujuanimno inayotufikia ardhini huanzia mawimbi ya nanomita 295 hivi, na akriliki safi humeza kiasi kidogo tu cha mionzi hiyo. Kisichomezwa hakina njia ya kuvunja viungo vya molekuli. Polistirini na polikaboneti, plastiki nyingine angavu, zina pete za benzini katika molekuli zao, humeza mionzi hiyo kwa wingi zaidi, na ndiyo maana hugeuka manjano mapema zisipowekewa kinga. Kampuni ya Röhm, watengenezaji wa Plexiglas, hutoa dhamana ya miaka 30 dhidi ya umanjano kwa baadhi ya mabamba yake angavu, na hakuna mfanyabiashara anayejifunga kwa muda kama huo juu ya kitu asichokiamini. Utulivu huu wa akriliki ulijitokeza pia mahali ambapo hakuna aliyeutarajia: daktari Harold Ridley wa London, alipoona kwamba vipande vya vioo vya akriliki vya ndege za kivita vilivyobaki machoni mwa marubani havikuleta uvimbe, aliweka lenzi ya akriliki ndani ya jicho la mgonjwa mwaka 1949, na upasuaji wa mtoto wa jicho haukubaki kama ulivyokuwa.

Hapa nitoe tahadhari moja kwa wanaonunua bamba lenye kizuia urujuanimno. Kizuizi hicho huwekwa kwa faida ya vitu vilivyomo ndani, yaani karatasi, vitambaa na rangi, na kwa kuwa wakati mwingine hukata nuru hadi kwenye ukingo wa buluu inayoonekana, bamba huweza kuwa na umanjano hafifu tangu likiwa jipya. Umanjano huo huonekana zaidi ukilitazama bamba kwa ukingoni, kwa sababu hapo nuru husafiri masafa marefu ndani ya plastiki. Kabla ya kulalamika kwamba kasha limezeeka, liweke mbele ya karatasi nyeupe mchana, ulitazame kupitia uso wake na si kupitia ukingo.

Sasa ukungu wenyewe. Kuna kipimo kidogo ambacho hakihitaji chombo chochote na ambacho ningependa kila anayeuliza swali humu akifanye kwanza. Osha sehemu ndogo ya kasha, iache ikauke, kisha weka tone la maji safi juu ya ukungu unaokusumbua na utazame kupitia tone hilo. Ukungu ukiwa umetoka wakati wa kuosha na haukurudi, ulikuwa uchafu tu. Ukitoweka chini ya tone na kurudi maji yanapokauka, ni mikwaruzo midogo ya usoni: maji huijaza, nuru hupita bila kutawanywa, na pindi maji yakiondoka mikwaruzo hujitokeza tena. Ukibaki vilevile chini ya maji, sogeza taa pembeni na uliinamishe kasha polepole. Ukiona vistari vyembamba vinavyometa kwa rangi ya fedha katika pembe fulani na kupotea katika pembe nyingine, hizo ni nyufa nyembamba zilizo ndani ya ngozi ya plastiki, na hakuna dawa ya kung'arisha itakayozifuta.

Aina ya pili, yaani mikwaruzo, ndiyo inayoharibu makasha mengi zaidi, na chanzo chake ni vumbi likifutwa kavu. Vumbi la nyumbani huwa na chembe za mchanga wa kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko akriliki kwa mbali sana, na kitambaa kikavu kinazikokota chembe hizo juu ya uso kwa nguvu ya mkono wako. Ubaya huongezeka kwa kuwa akriliki hushika umeme tuli kwa urahisi: kadiri unavyoisugua ikiwa kavu ndivyo inavyovuta vumbi jipya, na mwenye kasha huona vumbi limerudi, hufuta tena kwa nguvu zaidi, na mduara huo humalizika kwa uso ulioparara. Njia salama ni kupeperusha vumbi kwanza kwa pampu ndogo ya mkono au kulimwagilia maji ya uvuguvugu, kisha kuosha kwa maji yenye matone machache ya sabuni laini ya kuoshea vyombo ukitumia kitambaa laini kisicho na mshono, kusuuza, na kukausha kwa kugandamiza bila kusugua. Karatasi za jikoni na magazeti ni nyuzi za mti. Hazifai hapa hata zikilowa.

Aina ya tatu nawaachia mafundi waliomo humu waieleze vizuri zaidi.

Fundi Msasa

Nashukuru kwa uzi huu, mkuu. Nitaingia moja kwa moja kwenye nyufa nyembamba, kwa kuwa ndizo zinazoletwa karakana zikiwa zimechelewa.

Nyufa hizi hutaka mambo mawili yakutane: mkazo uliomo ndani ya plastiki na kiyeyushi kinachoigusa. Kimoja bila kingine huweza kukaa kimya kwa miaka. Mkazo hutoka kwenye utengenezaji. Bamba lililomiminwa kama kimiminika kati ya vioo viwili na kugandishwa polepole huwa na molekuli ndefu zaidi na mkazo mdogo. Bamba lililosukumwa likiwa moto kupitia mdomo wa mashine huwa na unene ulio sawasawa na bei nafuu, lakini hubaki na mkazo mwingi zaidi. Juu ya hapo huongezwa mkazo wa kukata kwa leza, wa kupitisha moto kwenye kingo ili zing'ae, wa kupinda, na wa skrubu iliyokazwa kupita kiasi. Kingo zilizokatwa kwa leza ni nzuri kwa macho, lakini ukizipitishia kitambaa chenye spiriti unaweza kuona, mbele ya macho yako, vistari vikichomoza kutoka ukingoni kuelekea ndani ya bamba. Ndiyo maana nyufa hizi mara nyingi huanzia pembeni, kwenye matundu na kwenye viungo vya gundi, na si katikati ya uso.

Kuhusu viyeyushi, orodha ya adui ni fupi: spiriti ya aina yoyote, dawa za kusafishia vioo zenye amonia, na asetoni, ambayo haileti nyufa tu bali huuyeyusha uso wenyewe. Gundi nyepesi za kuunganishia akriliki nazo ni viyeyushi, na mvuke wake ukifungiwa ndani ya kasha jipya huendelea kuzishambulia kingo. Kasha lililounganishwa leo liachwe wazi hadi harufu iishe kabisa.

Karakana nzuri huondoa mkazo kwa kulipasha bamba joto baada ya kukata na kabla ya kugundisha, katika tanuri la nyuzi 80 za Selsiasi hivi, kwa saa kadhaa kulingana na unene, kisha kulipoza polepole. Nasema tanuri la karakana kwa makusudi. Akriliki huanza kulegea inapokaribia nyuzi 105, na majiko ya kuokea hupanda na kushuka kiasi kwamba unaweza kulitoa kasha likiwa limejikunja.

Mikwaruzo ni habari nyingine na ndiyo furaha ya kazi hii, kwa sababu akriliki, tofauti na plastiki nyingi, hukubali kusuguliwa hadi ikarudi kuwa angavu. Mikwaruzo isiyoshikwa na ukucha huondoka kwa dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa laini. Ile ambayo ukucha hukwama ndani yake hutaka msasa wa maji: anza na namba 800 au hata 1000, nenda 1500, kisha 2000, ukibadilisha mwelekeo wa mkono kila unapobadilisha msasa ili uone kama alama za msasa uliotangulia zimekwisha, na umalizie kwa dawa. Usichimbe mahali pamoja. Ukisugua mkwaruzo peke yake utaacha kibonde kidogo, na kitu kilichomo ndani kitaonekana kimepinda kila mtu akipita mbele ya kasha. Panua eneo la kusugua, na usiruhusu mashine ikae mahali pamoja hadi plastiki ipate joto, kwa kuwa hapo utakuwa umerudisha mkazo ule ule tuliotaka kuuondoa.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha bamba halina tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo wala tabaka la kupunguza mng'ao. Matabaka hayo ni membamba mno na msasa utayatoboa. Ukishayatoboa, doa lake halirekebishiki. Dawa ya meno, ambayo najua itatajwa, inakwaruza kwa chembe zisizolingana na huacha utando wa mikwaruzo midogo mahali pa mkwaruzo mmoja mkubwa.

Mkongojo

Sikubaliani na Shubaka kuhusu jua. Nina kasha dogo lililokaa karibu na dirisha, na limegeuka manjano waziwazi, tena limekuwa jepesi kuvunjika kiasi kwamba kona moja imedondoka nilipolinyanyua. Liliuzwa kama akriliki. Kama akriliki haizeeki kwa jua, hili ni nini?

Shubaka

Ndugu Mkongojo, maelezo yako ya kona iliyodondoka ndiyo yanayonifanya niamini kwamba hukuuziwa akriliki. Makasha mengi madogo, hasa yale yanayotolewa kwenye kalibu yakiwa kipande kimoja chenye kona za mviringo, hutengenezwa kwa polistirini, ambayo ikiwa mpya hung'aa vizuri sana na ni vigumu kuitofautisha kwa macho. Jua huigeuza manjano na kuifanya ivunjike kwa urahisi, kama ulivyoona.

Kuna njia mbili za kuhakikisha. Ya kwanza ni kugonga kwa ukucha: polistirini hulia kwa sauti kavu na kali, karibu na ya bati, na akriliki hutoa sauti nzito iliyozibwa. Ya pili inapendeza zaidi. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta, vaa miwani ya jua yenye lenzi za kuchuja mng'ao, na uinamishe kichwa hadi skrini ionekane nyeusi. Kisha liweke kasha kati ya miwani na skrini. Polistirini na polikaboneti zilizotoka kwenye kalibu zitaonyesha mistari ya rangi zote za upinde wa mvua, imesongamana zaidi karibu na kona na pale plastiki ilipoingilia kwenye kalibu. Bamba la akriliki huonyesha kijivu hafifu tu, kwa sababu mkazo huibadilisha nuru kidogo sana ndani yake.

Hata hivyo, dirisha si mahali pazuri hata kwa akriliki halisi, kwa sababu ya joto na si kwa sababu ya rangi. Bamba lenye urefu wa mita moja hurefuka takriban milimita 0.07 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, karibu mara nane ya kioo. Tofauti ya nyuzi 20 kati ya asubuhi na mchana ni karibu milimita moja na nusu, na kama kasha limefungwa kwa skrubu katika tundu lisilo na nafasi, milimita hiyo itatafuta pa kwenda. Fundi Msasa ameshaeleza inakoenda.

Dirisha la Juu

Naomba msaada. Ukungu wangu uko ndani ya kasha, si nje. Ninahifadhi vinyago vya plastiki laini na ndege kadhaa ndogo ninazounganisha mwenyewe. Upande wa ndani kuna utando unaonata chini, karibu na miguu ya vinyago, na juu, kwenye ukuta ulio karibu na ndege, kuna utando mweupe mkavu. Nilidhani ni plastiki ya kasha inatoa kitu.

Shubaka

Ni vitu viwili tofauti, na vyote vinatoka kwa wakazi wa kasha na si kwenye kasha.

Utando unaonata ni kilainishi kilichochanganywa kwenye plastiki laini ya PVC ili iweze kukunjika. Kilainishi hicho hakijafungwa kwenye molekuli za PVC. Hutoka polepole kadiri miaka inavyokwenda, hupanda usoni mwa kinyago, hushuka kwenye miguu, na sehemu yake huruka kama mvuke na kutua kwenye kuta. Joto na kasha lililofungwa kabisa huharakisha mambo. Kisiachwe kikigusa akriliki kwa muda mrefu, kwa kuwa kinaweza kulainisha uso na kuacha alama ya unyayo isiyotoka kwa kuosha. Weka kipande chembamba cha kioo chini ya miguu, acha mwanya mdogo wa hewa nyuma ya kasha, na uoshe kuta kwa sabuni kama ilivyoelezwa juu.

Utando mweupe, kwa kuwa unaunganisha ndege, nadhani ni wa supa gluu. Mvuke wa gundi hiyo hutua juu ya nyuso na kugeuka kuwa plastiki nyeupe pale unapokutana na unyevu na mafuta ya ngozi. Wachunguzi wa polisi hutumia tabia hiyo hiyo kufichua alama za vidole. Chunguza utando huo kwa taa ya pembeni, na usishangae ukiona vidole vyako vimechorwa humo. Kama ni hafifu, dawa laini ya kung'arishia itauondoa, kwa sababu umekaa juu ya uso. Usijaribu asetoni, ingawa ndiyo inayoyeyusha gundi hiyo, kwani itayeyusha na kasha. Kuanzia sasa, ndege iliyogundishwa ikae nje siku kadhaa kabla ya kuingia.

Kwa wengine wanaosoma, mvuke wa asidi hutoka pia kwenye mbao za unga uliokandamizwa na kwenye rangi mbichi, na vitu vya zamani vya seluloidi (plastiki ya kale) hutoa gesi zinazoviharibu vyenyewe zikifungiwa. Mara nyingi kinachoumia zaidi hapo ni vitu vilivyomo, hasa metali, na ukungu wa ukutani ni dalili ya kwanza unayoweza kuiona.

Mkongojo

Nimefanya jaribio la miwani. Rangi zimejaa kona zote, na katikati ya kitako kuna ua zima la upinde wa mvua. Nimekubali, ni polistirini. Swali la mwisho: mabamba niliyoagiza ili nitengeneze kasha jipya yana karatasi ya kinga ambayo imeganda, inatoka vipandevipande na kuacha gundi. Nitumie nini ikiwa spiriti hairuhusiwi?

Fundi Msasa

Karatasi hiyo imekaa muda mrefu au imepigwa na joto, ndipo gundi yake ikakomaa. Usikwangue kwa kisu wala kwa wembe. Ilowanishe karatasi kwa maji ya uvuguvugu hadi ilegee, uivute kwa pembe ndogo ukiilaza karibu na bamba, na gundi inayobaki uifute kwa kitambaa laini chenye mafuta ya taa kidogo. Mafuta ya taa huilegeza gundi bila kuishambulia akriliki, lakini yasiachwe yakakauka hapo. Osha mara moja kwa maji na sabuni, na usuuze mara mbili. Fanya hivyo kabla ya kukata, maana kingo mpya ndizo dhaifu kuliko sehemu nyingine yoyote ya bamba. Na yale mabamba ambayo hutayatumia sasa yaweke wima, yakiwa yameegemea ubao kwa uso wake wote, mbali na jua. Karatasi zao uziache mahali pake hadi siku ya kazi.